Kesho Bora: Mambo Ambayo Akina Mama wa Mombasa Waliufunza Ulimwengu

Mazungumzo ya akina mama na walezi

   Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii huku Utange. Asubuhi huwa kliniki na wajawazito na watoto, na mchana hupita majumbani pamoja na wahamasishaji wa afya wa mitaa yetu. Endelea na kazi yako, mama. Kama unakuna nazi, kuna. Kama unanyonyesha, nyonyesha. Lakini tega sikio, kwa kuwa habari ya leo inakuhusu wewe na huyo uliyempakata.

Kuna swali ambalo nimelisikia mara nyingi kwenye foleni ya kliniki. Akina mama husema, "Sista, hawa watu wa utafiti huja, hutoa damu, huandika kwenye makaratasi, kisha huenda zao. Sisi tunabaki na nini?" Swali hilo ni la haki, na mtu anayeuliza hivyo si mjeuri. Leo nataka kulijibu kwa kutumia utafiti mmoja uliofanywa hapa hapa Mombasa, uliohusu mama wenye virusi vya Ukimwi na watoto wao. Utafiti huo uliitwa Kesho Bora. Nitakueleza ulivyofanywa, ulionyesha nini, na umeacha nini katika kliniki unayokwenda.

Hali ilivyokuwa zamani

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alijulikana mwaka 1984. Mwaka 1999 serikali ilitangaza kwamba Ukimwi ni janga la kitaifa. Wengi wetu tunakumbuka miaka ile. Mazishi yalikuwa mengi, na bibi alijikuta analea wajukuu watano kwa vibarua vya kufua.

Mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto kwa njia tatu: mtoto akiwa tumboni, wakati wa kujifungua, na wakati wa kunyonyesha. Mama asipotumia dawa yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya kila 100 huambukizwa. Sikiza vizuri hapo. Hata bila dawa, si kila mtoto huambukizwa. Lakini hakuna anayejua ni nani ataponea na ni nani hataponea.

Mwaka 1999 utafiti uliofanywa Kampala, Uganda, ulileta matumaini. Mama alipewa tembe moja ya nevirapini uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa matone ya dawa hiyo baada ya kuzaliwa. Maambukizi yalipungua karibu nusu, yakilinganishwa na dawa ya zidovudini iliyotolewa kwa siku chache tu. Ndiyo sababu wazee wetu wa kliniki wanaikumbuka sana ile tembe moja. Ilikuwa rahisi, na mama angeweza kuwa nayo nyumbani, akaimeza uchungu ulipomjia usiku.

Lakini lilibaki shimo moja kubwa. Tembe ile ilimlinda mtoto siku ya kuzaliwa. Je, kesho yake akianza kunyonya? Na kesho kutwa? Na mwezi wa sita?

Maziwa ya mama yalipotiwa shaka

Watafiti wa Nairobi walilichunguza jambo hilo kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, kabla dawa hazijapatikana kwa wengi. Mama 425 wenye virusi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilinyonyesha, na kundi la pili likatumia maziwa ya kopo. Watoto walipofikisha miaka miwili, karibu 37 kati ya 100 katika kundi la kunyonya walikuwa na virusi. Katika kundi la kopo walikuwa karibu 21. Hesabu hiyo ilitisha.

Hata hivyo, habari haikuishia hapo. Watafiti walipohesabu watoto waliofariki, tofauti haikuwa kubwa: 24 kati ya 100 kwa walionyonya, na 20 kati ya 100 kwa waliopewa kopo. Watoto wengi zaidi wa kopo waliponea virusi, lakini magonjwa mengine bado yaliwapata. Maziwa ya mama yana kinga ndani yake. Kopo halina. Nchini Botswana mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, kuhara kuliua watoto wengi, na wengi wao walikuwa hawanyonyi.

Wewe unayeishi huku kwetu unaelewa bila kuambiwa mara mbili. Maji ya kisima yana chumvi, ya bomba yanakatika, ya mkokoteni hujui yametekwa wapi. Mafuta ya taa na makaa yanapanda bei. Kumtengenezea mtoto kopo safi mara nane kwa siku, kila siku, kwa mwaka mzima, si mchezo. Na jirani akiona kopo anauliza, "Mbona humnyonyeshi?" Siri ya mama inatoka nje kupitia chupa.

Kwa hiyo mama alikuwa amebanwa pande mbili. Akinyonyesha, anaogopa virusi. Asiponyonyesha, anaogopa kuhara, na anaogopa midomo ya watu. Hilo ndilo fundo ambalo Kesho Bora ilikuja kulifungua.

Utafiti wa Kesho Bora

Kesho Bora iliratibiwa na Shirika la Afya Ulimwenguni. Ilifanywa katika nchi tatu: Kenya, Burkina Faso na Afrika Kusini. Kwa Kenya ilikuwa Nairobi na hapa Mombasa. Upande wa Mombasa kazi iliendeshwa na ICRH Kenya, shirika la utafiti wa afya ya uzazi ambalo limekuwa hapa mjini kwetu tangu mwaka 2000. Na jina lile la Kiswahili, Kesho Bora, ndilo lililotumiwa hata Burkina Faso na Afrika Kusini, kwa watu ambao hawazungumzi lugha yetu.

Kuanzia Juni 2005 hadi Agosti 2008, wajawazito 824 wenye virusi waliingia katika sehemu kuu ya utafiti. Hawa walikuwa mama ambao askari wa mwili wao walikuwa bado wana nguvu kiasi. Kwa kipimo cha wakati ule walikuwa kati ya 200 na 500. Mama aliyekuwa na askari wachache zaidi ya hapo hakuingizwa katika makundi hayo. Yeye alihitaji matibabu mara moja kwa ajili ya maisha yake mwenyewe.

Mama wale waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, kama mtu anavyorusha shilingi. Daktari hakuchagua, wala mama hakuchagua. Kwa nini ifanywe hivyo? Kwa sababu daktari akichagua, huenda akawaweka wenye nguvu upande mmoja na wanyonge upande mwingine, na mwisho hatutajua kama kilichosaidia ni dawa au ni nguvu za mama. Makundi yakifanana mwanzoni, tofauti itakayoonekana mwishoni ni ya dawa.

Kundi la kwanza lilipewa kinga iliyokuwa ikitumiwa wakati ule: zidovudini katika uja uzito, kisha tembe ya nevirapini uchungu ulipoanza. Kundi la pili lilipewa dawa tatu kwa pamoja tangu wiki ya 28 hadi 36 ya uja uzito, na mama akaendelea kuzimeza akiwa ananyonyesha, mpaka alipoacha, au mpaka miezi sita na nusu baada ya kujifungua. Watoto wa makundi yote mawili walipewa nevirapini baada ya kuzaliwa. Hakuna mtoto aliyeachwa hivi hivi bila kinga.

Walichokiona

Watoto walipofikisha mwaka mmoja, hesabu ilikuwa hivi. Katika kundi la kinga ya zamani, watoto 9.5 kati ya 100 walikuwa wameambukizwa. Katika kundi la dawa tatu, walikuwa 5.4 kati ya 100.

Najua nusu ya mtoto haipo, kwa hiyo tuseme hivi. Chukua watoto 1,000. Kwa njia ya zamani, 95 wangeambukizwa. Kwa njia ya dawa tatu, 54. Kwa hiyo watoto 41 katika kila 1,000 wanaponea, kwa sababu tu mama yao alimeza dawa wakati wa uja uzito na wakati wa kunyonyesha. Watoto 41 ni darasa zima la chekechea. Hebu lione darasa hilo likiimba asubuhi.

Jambo kubwa lililojulikana hapo ni hili: tukimpa mama dawa, tunamlinda mtoto. Dawa hupunguza virusi katika damu ya mama na katika maziwa yake. Virusi vikiwa vichache sana, njia ya kumfikia mtoto hufungika. Basi mama anaweza kunyonyesha, mtoto akapata kinga ya maziwa, na hofu ya virusi ikapungua sana. Tafiti nyingine zilizofanywa Kisumu, Botswana na Malawi katika miaka hiyo hiyo nazo zilielekea upande huo huo. Shahidi mmoja unaweza kumtilia shaka. Mashahidi wanne waliotoka miji mbalimbali wakisema jambo moja, unasikiza.

Kutoka kwenye karatasi hadi kliniki yako

Sasa tunarudi kwa lile swali: sisi tunabaki na nini?

Majibu ya kwanza ya Kesho Bora yalitolewa mbele ya madaktari wa ulimwengu mwaka 2009, na ripoti kamili ikachapishwa mwaka 2011. Shirika la Afya Ulimwenguni lilipobadilisha mwongozo wake mwishoni mwa 2009 na mwaka 2010, lilisema kwa mara ya kwanza kwamba kinga ya dawa itolewe pia katika kipindi chote cha kunyonyesha, kwa mama au kwa mtoto. Mwaka 2011 Malawi ikaenda mbele zaidi na kuanza kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha, bila kungoja askari wa mwili wapungue. Mwaka 2013 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikubaliana na njia hiyo. Mwaka 2015 likasema kila mtu mwenye virusi, mwanamke kwa mwanamume, aanze dawa mara tu anapojulikana. Kenya ilifuata mwongozo huo mwaka 2016.

Kwa hiyo leo ukija kliniki ukiwa mjamzito, ukapimwa, ukapatikana na virusi, utaanzishiwa dawa haraka, na utaendelea nazo hata baada ya mtoto kuacha kunyonya. Hukusoma ripoti yoyote. Lakini ile tembe unayopewa ina jasho la mama wale 824 ndani yake. Baadhi yao walikuwa mama wa Mombasa, waliopanda matatu hizi hizi, waliokubali kutolewa damu ilhali hawakujua kama wao wenyewe watafaidika. Waliofaidika zaidi ni waliokuja baadaye. Majina yao hayatatajwa popote, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini shukrani zetu wanastahili.

Dawa nazo zimeendelea kuwa bora. Siku hizi watu wazima wengi humeza tembe moja tu kwa siku, yenye dawa tatu ndani yake, mojawapo ikiwa dolutegraviri. Haina ule usumbufu mwingi wa zamani.

Wewe ufanye nini leo

Kwanza, anza kliniki mapema. Usingoje tumbo liwe kubwa. Ukikosa hedhi na ukajua una mimba, njoo. Mama wengi huja mwezi wa saba, na miezi mingi ya kinga huwa imepita.

Pili, pima damu, na upime tena. Mama akipatikana hana virusi mwanzoni mwa mimba, si kwamba amepewa cheti cha maisha. Anaweza kuambukizwa akiwa mjamzito au akinyonyesha. Na maambukizi mapya ndiyo hatari zaidi kwa mtoto, kwa sababu virusi huwa vingi sana mwilini katika wiki za mwanzo. Ndiyo sababu nesi anakupima tena mimba inapokaribia kukamilika, na tena baada ya kujifungua. Usiseme, "Si mlinipima juzi?" Na kama mwenzako ana virusi, au hujui hali yake, uliza kuhusu dawa ya kinga ya kila siku kwa asiye na virusi. Kenya ilianza kuitoa dawa hiyo mwaka 2017.

Tatu, ikiwa una virusi, meza dawa kila siku kwa saa ile ile. Chagua saa ambayo una shughuli usiyoisahau: baada ya sala ya isha, au taarifa ya habari ya redio inapoanza. Ukienda mazishini Kaloleni au harusini Malindi, beba dawa. Kisha uliza wingi wa virusi vyako umefika wapi. Hicho ndicho kipimo kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi, na una haki ya kuambiwa jibu lake.

Nne, mnyonyeshe mtoto maziwa yako peke yake kwa miezi sita. Si maji, si uji, si maji ya sukari, si dawa ya chango. Dawa aliyoandikiwa na kliniki tu ndiyo anaruhusiwa. Utafiti wa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1999, wakati mama wengi hawakuwa na dawa, ulionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine walikuwa katika hatari zaidi. Walipofikisha miezi mitatu, karibu 24 kati ya 100 walikuwa na virusi, lakini kwa walionyonya maziwa ya mama peke yake walikuwa karibu 15. Tumbo la mtoto mchanga ni laini. Vitu vya nje hulichubua, na michubuko ni mlango. Ikiwa umeshampa maji, usiogope ukaacha kunyonyesha. Acha maji, endelea na dawa zako, endelea kunyonyesha, na umweleze nesi.

Baada ya miezi sita, anza vyakula: uji wa lishe, ndizi ya kuponda, kunde, samaki aliyetolewa miiba, yai. Na uendelee kunyonyesha mpaka miaka miwili, huku ukimeza dawa. Chuchu zikipasuka au titi likivimba na kuuma, njoo kliniki siku hiyo hiyo.

Tano, mlete mtoto apimwe. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi huanzishiwa dawa ya maji ya kumkinga mara anapozaliwa, na akifika wiki sita huongezewa Septrin. Mpe kama ulivyoonyeshwa, kwa muda ulioambiwa. Hutolewa tone la damu kisiginoni akiwa na wiki sita, kisha miezi sita, kisha mwaka mmoja. Akifikisha mwaka mmoja na nusu hupimwa tena, na kama bado ananyonya, hupimwa mpaka baada ya kuacha. Usiridhike na jibu la kwanza ukapotea. Jibu la wiki sita linasema habari ya tumboni na ya kujifungua. La kunyonyesha bado. Na mtoto akipatikana na virusi, huanzishiwa dawa mara moja, na watoto wanaoanza mapema hukua, husoma, na huenda kucheza mpira kama wenzao.

Mambo yanayotuangusha huku kwetu

Mama, dawa iko. Kinachotuangusha mara nyingi ni nyumba.

Mavyaa anasema mtoto analia kwa kiu, mpe maji. Anasema kwa mapenzi, hana ubaya. Lakini wewe unajua kwamba maziwa yako yana maji ya kutosha, hata katika joto la mwezi wa Februari. Usigombane naye. Mwambie, "Mama, kliniki wamesema mpaka miezi sita," na utupie sisi lawama. Au njoo naye kliniki, nami nitazungumza naye kwa heshima. Nimeona bibi wengi wakielewa, kisha wakawa ndio walinzi wakali, wanaofukuza jirani mwenye kijiko.

Ziko siku arobaini. Mama amefungiwa ndani, ameoshwa, amekandwa, na hatoki. Hilo ni jambo jema, kupumzika ni haki yake. Lakini dawa haina arobaini. Dawa ikiisha siku ya ishirini, mtu anayemwamini aende akamchukulie, au atupigie sisi tupange. Na ile siku ya wiki sita ya kumpima mtoto inaangukia karibu na kutoka arobaini. Iwe ndiyo safari yenu ya kwanza.

Iko pia siri. Mama anaficha tembe ndani ya unga, au ndani ya khanga zilizokunjwa, na mume akiwepo nyumbani hamezi. Sitakulazimisha umwambie mtu. Wewe ndiye unayejua nyumba yako, na ukiona kuna hatari ya kupigwa au kufukuzwa, tuambie kwanza. Lakini usibebe peke yako. Kuna washauri nasaha, na kuna mama wenzako waliopitia njia hiyo, wenye watoto wasio na virusi, ambao watakaa nawe na kukueleza walivyofanya. Baba unayesikiza, nawe nina neno lako: kwenda na mkeo kliniki hakukupunguzii uanaume. Kunakupa mtoto mzima.

Ukiombwa kushiriki katika utafiti

Pwani yetu ina hadithi za mumiani tangu enzi za mababu, watu wanaonyonya damu za wenzao usiku. Kwa hiyo mgeni akija na sindano na makaratasi, mioyo hushtuka. Sitakuambia usiulize. Nitakuambia uulize maswali gani.

Utafiti halali nchini Kenya lazima uwe umekaguliwa na kamati ya maadili, na uwe na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Uliza kibali hicho kiko wapi. Uliza wanatafuta nini, watachukua damu kiasi gani na mara ngapi, itapelekwa wapi, na kuna hatari gani. Waeleze kwa lugha unayoielewa. Iwe Kiswahili, iwe Kigiriama, ni kazi yao kutafuta mkalimani. Fomu usiitie sahihi wala dole gumba kabla hujaridhika, na nakala uende nayo nyumbani. Unaweza kusema, "Nipe siku mbili nifikiri." Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo na kutoka mwezi ujao. Na ukikataa, huduma yako ya kliniki haiguswi hata kidogo. Tena kuna Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006, inayokataza mtu kupimwa kwa nguvu au siri yake kutangazwa.

Na swali la mwisho, ambalo akina mama wengi husahau: "Mkimaliza, mtarudi kutuambia mlichokipata?" Utafiti mzuri hurudi. Waliotoa damu wana haki ya kusikia habari ya damu yao.

Neno kuhusu wakati tulio nao

Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje. Mashirika kadhaa yaliyokuwa yakisaidia kliniki za Ukimwi nchini yalipunguza wafanyakazi au yakafunga, na huduma nyingi zikaanza kuunganishwa na kliniki za kawaida. Baadhi ya akina mama walifika, wakaukuta mlango waliouzoea umefungwa, wakarudi nyumbani.

Usirudi nyumbani, mama. Uliza chumba kingine. Uliza kliniki ya wajawazito. Uliza mhamasishaji wa afya wa mtaa wako. Ukikatiza dawa, virusi vinarudi kuwa vingi ndani ya wiki chache, hata kama wewe mwenyewe hujisikii mgonjwa, na mtoto anaendelea kunyonya yale yale maziwa. Yale yote yaliyojulikana kupitia Kesho Bora yanategemea jambo moja dogo: tembe iwe mkononi mwa mama, kila siku. Ikikosekana, tuambie mapema, siku kumi kabla haijaisha, si siku moja baada ya kuisha.

Mambo ya kukumbuka

Anza kliniki mapema, pima, na upime tena.
Mama akimeza dawa kila siku, mtoto analindwa tumboni, wakati wa kujifungua, na kifuani.
Miezi sita maziwa ya mama peke yake, kisha vyakula pamoja na maziwa mpaka miaka miwili.
Mtoto apimwe wiki sita, miezi sita, mwaka mmoja, mwaka mmoja na nusu, na baada ya kuacha kunyonya.
Ukiombwa kushiriki katika utafiti, uliza mpaka uridhike, na udai kuletewa majibu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini mtoto anayenyonya hulindwa na dawa anayomeza mama yake?
2. Nyumbani kwako, ni nani anayeweza kumpa mtoto maji au uji kabla ya miezi sita, na utazungumza naye vipi?
3. Mama aliye katika arobaini amebakiwa na dawa za siku tatu. Ni nani katika mtaa wenu anaweza kumsaidia?
4. Ni maswali gani utakayomuuliza mtafiti akibisha hodi kwako?

Akina mama, hapo ndipo tulipofikia leo. Juma lijalo tutazungumza juu ya chanjo za mtoto. Mtafuteni mama mmoja jirani ambaye hana redio, mumsimulie haya. Kwaherini, na Mungu awalindie watoto wenu.